Boksi Namba Mia Tatu

Rosalia alisema ndiyo, na ndiyo ile haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake. Yote yalianzia hapo, na anayetaka kumtafuta mchawi mwingine asijisumbue.

Alikuwa karani wa mapokezi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Mikocheni, mahali wanapochapa kadi za harusi, lebo za maji ya chupa na maboksi ya keki. Siku hiyo aliingia kijana mrefu mwenye mkoba mgongoni, akajitambulisha kuwa anaitwa Allen, mtu wa Kinyerezi, na anataka maboksi mia tatu ya gemu. Rosalia akadhani karata. Allen akacheka, akafungua kompyuta yake juu ya kaunta. Lilikuwa gemu la kuchezwa kwenye kompyuta, alilolitengeneza mwenyewe na wenzake wawili, nalo liliitwa Bibi Mtoro. Bibi kizee amefungiwa na wanawe ndani ya nyumba ya vyumba arobaini, na kazi ya mchezaji ni kumtorosha.

"Nani atanunua bibi anayetoroka?" Rosalia aliuliza.

"Hawanunui, sista. Wanachangia."

Akamweleza. Unaweka picha na maneno mtandaoni, unasema ninataka kutengeneza kitu fulani, na watu usiowajua, wa nchi ambazo hutazikanyaga, wanakuchangia kabla hicho kitu hakijakuwepo. Wengi watapewa gemu lenyewe tu, la kupakua. Lakini wale waliojitolea zaidi wanapewa toleo la wakusanyaji: boksi zuri lenye namba, na ndani yake ramani, kitabu cha michoro na zawadi ya kushikika. Kwa maneno mengine, unafanya harambee, halafu wachangiaji wote wanakuwa wakwe zako.

"Zawadi yenyewe nataka iwe kinyago cha huyo Bibi," Allen alisema. "Cha mpingo, cha mkono, sio plastiki. Ila sura yake ndo bado haijatulia. Tumechora tumechoka."

Hapo Rosalia akatoa simu. Humo mlikuwa na picha ya kinyago kilichokuwa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwao Kiwalani: mwanamke amejitwika mzigo, mkono mmoja umeushika, mwingine umekaa nyuma kiunoni, na shingo imegeuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina akiwa ameshapita.

"Kachongwa na baba yangu," alisema. "Mzee Benedikto. Wa Newala."

Allen aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Dada, ndo huyu! Ndo huyu huyu! Mzee anaweza kunichongea mia tatu? Wawe hivi hivi, wasitofautiane?"

"Anaweza," Rosalia alisema. "Baba hana neno."

Tusimwonee kabla ya kumsikiliza. Mama yake, Anna, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kile kinyago mzee alikichonga wiki moja baada ya misa ya arobaini, siku moja tu, asubuhi mpaka jioni, bila kusema anachonga nini. Alipomaliza walitazamana, yeye na binti yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Akamweka juu ya kabati. Tangu hapo alichonga kidogo sana, vijiko, visanduku, vitu vya kujishughulisha tu, na siku nyingine alikaa mlangoni kutwa nzima akizitazama ndege zinazoshuka kuelekea uwanjani. Rosalia alitaka kumsikia tena akigonga. Hilo tu. Alitaka arudi nyumbani jioni akute vumbi jeusi sakafuni na baba yake amechoka kwa sababu ya kueleweka.

Kwa hiyo Jumamosi, mzee alipokwenda jumuiya, akamshusha Bibi kabatini, akamviringisha kwenye khanga na kumpeleka kwa Allen. Alisema ni kwa siku mbili, zikawa wiki tatu. Allen na wenzake walimpiga picha pande zote, wakambadilisha Bibi wa kwenye gemu mpaka akawa yeye mtupu, shingo ile, mkono ule wa kiunoni. Wakamweka mtandaoni, wakaandika kwamba kila boksi litakuwa na kinyago kama hiki hiki, mstari kwa mstari. Maboksi mia tatu yakapata wenyewe. Sponji za kuwekea vinyago zikakatwa kwa mashine, zote mia tatu kwa mpigo, kila moja ina tundu lenye umbo la Bibi aliyelala chali.

Na muda wote huo Rosalia alikuwa hajamwambia baba yake kitu. Kila jioni alisema kesho. Mzee naye hakuuliza, mpaka jioni moja Rosalia alipomkuta amesimama mbele ya kabati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

Rosalia akakaa chini, akasema yote. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetapika. Mzee Benedikto alisikiliza huku akifuta kwa kidole alama ya duara iliyobaki kwenye vumbi la kabati.

"Mia tatu," alisema mwishowe. "Wa mama yako."

"Si wa mama, baba. Wa gemu."

"Mie sijawahi kuchonga kitu mara mbili, Rosalia. Gogo linakuja na mambo yake, unalifuata. Yule sikumtafuta. Alikuwemo, nikamtoa." Akakung'uta vumbi kidoleni. "Umeshasema ndiyo?"

"Nimeshasema."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, baba."

Angemfokea, ingekuwa nafuu. Lakini kwa mzee Benedikto, mtoto akishaagana na mgeni, awe ametumwa au hakutumwa, nyumba nzima imeagana. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyomlea yeye, na Rosalia alilijua hilo siku ile pale kaunta, alilijua vizuri kabisa, ndiyo maana alithubutu kujibu.

"Basi ishakuwa," mzee alisema. "Ila yeye arudi hapa kabatini. Hao wengine waende wanakokwenda. Yeye abaki."

"Atabaki, baba. Naapa."

Kazi ilianza baada ya Pasaka. Deogratias, mchonga vinyago mwenzake wa siku nyingi, ndiye aliyemletea magogo ya mpingo kutoka kusini. Kila asubuhi mzee alimshusha Bibi kabatini, akamsimamisha juu ya kigoda mbele yake, akachukua shoka, kisha tezo, kisha patasi, na kumfuata. Halafu msasa. Halafu rangi ya viatu na kitambaa. Mwisho kabisa alimlaza yule mpya kwenye tundu la sponji. Akicheza, amekuwa mwembamba. Akibana, amekuwa mnene. Mnene hupunguzwa, mwembamba ni kuni.

Huko nyuma mzee hakuwahi kupima kitu kwa kitu kingine isipokuwa jicho lake. Sasa alikuwa na sponji, na sponji haijadiliani na mtu. Gogo likija na kifundo mahali pazuri, pale ambapo zamani angesimama, akalizungusha, akasema ahaa, huyu ana jambo, sasa alikikata kifundo na kukitupa. Likija na ule weupe wa ganda unaoingia ndani ya weusi, ambao wateja wake walikuwa wakiugombania, aliutoa wote. Rosalia alirudi jioni akalikuta lile vumbi jeusi alilolitamani. Baba yake kweli alikuwa amechoka. Lakini alikuwa amechoka kama watu wanaotoka zamu ya usiku kiwandani.

Maboksi yaliletwa Kiwalani yakiwa yamekunjwa, kwa sababu kiwanda hakikuwa na pa kuyaweka. Yalianzia nyuma ya kochi, yakafika dirishani, yakaliziba. Sebule ikawa na giza mchana, taa ikawashwa saa nne asubuhi. Vinyago vilivyokamilika vilisimama chini ya ukuta kwa safu, kumi kumi, wote wamejitwika, wote wamegeuza shingo upande mmoja. Ukiingia chumbani wanakuangalia wote, na wote ni mama. Rosalia alianza kupitia mlango wa uani.

"Umekuwa mashine, Benedikto," Deogratias alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni kwa kukosa pa kukanyaga. Hakuwa anatania. "Wakikuuliza watu mimi nitasema sikujui."

"Waambie umenijua zamani," mzee alijibu, na hakuinua kichwa.

Kilipofika cha mia na sabini, bega la kulia liligoma. Akawa analala amekaa, mgongo ukutani, mkono umefungwa na khanga ya Anna. Rosalia hakustahimili. Akaomba ruhusa kazini, akaenda Kinyerezi kwa Allen kumsihi apunguze: viwe mia na sabini tu, au vilivyobaki vichongwe na vijana wachongaji wa Mwenge, au kila kinyago kiwe vile mti utakavyotaka.

Allen alimkaribisha vizuri, akamletea soda, akageuza kompyuta asome mwenyewe. Ujumbe juu ya ujumbe. Mmoja anauliza mbona mmechelewa. Mwingine amechukua picha ya kinyago cha sabini na mbili, ambayo Allen aliiweka ili kuonyesha kwamba kazi inaendelea, akailaza juu ya picha ya kwanza na kuzungushia duara jekundu mahali ambapo kiwiko kimepishana kwa upana wa uzi. Anauliza, kwa upole wa kutisha, kama hivi ndivyo watakavyokuwa wote.

"Unaona?" Allen alisema. "Nikibadilisha hata kidogo wanasema nimewatapeli. Jina langu lishakwisha, dada. Mie mwenyewe sitoki humu ndani. Mwaka wa pili huu, hata gemu silichezi, nikimwona yule Bibi nasikia kichefuchefu."

"Usiseme hivyo."

"Samahani. Najua ni mama."

Rosalia alirudi Kiwalani na maneno yale yale aliyoondoka nayo. Alimkuta baba yake anachonga kwa mkono wa kushoto.

Waliendelea hivyo, na mimi sitayahesabu masiku, maana siku moja ilikuwa sawa na nyingine. Mvua zikaja zikaingia ndani, wakavihamishia vinyago vitandani, wao wakalala chini. Jirani wakasema mzee amepata Wazungu. Rosalia akakataa posa moja ya maana kwa sababu hakujua pa kumketisha mgeni. Kila jioni, kabla ya kulala, mzee alimchukua Bibi wa kwanza kigodani na kumrudisha juu ya kabati, kwa mkono ule ule mbovu, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya polepole. Rosalia alimtazama na kujiambia: yupo. Hata yote yaharibike, yule yupo, nimeapa na nimetimiza.

Ikafika siku ya kufungasha, na vinyago vilikuwa mia mbili tisini na tisa. Gogo la mwisho lilikuwa sakafuni limepasuka katikati, kuanzia kichwa cha Bibi mpaka miguuni. Deogratias alikuwa safarini na mpingo hauuzwi dukani kama mkate.

"Nimpigie Allen," Rosalia alisema asubuhi ile. "Nimwambie imepungua moja. Moja tu, baba, watamsamehe."

"Nenda kazini. Zitatimia."

"Kwa gogo gani?"

"Nimesema nenda, mwanangu. Mie ndo nachonga au wewe?"

Akaenda. Aliporudi jioni sebule ilikuwa nyeupe. Dirisha lilikuwa wazi. Allen na wenzake walishinda pale na mashine ya kubana nailoni kwa joto, wakafunga boksi moja moja, wakapakia kwenye lori, wakaondoka. Yalitimia mia tatu, Allen alimwandikia kwenye simu, na mzee mwenyewe ndiye aliyepanga vinyago kwenye sponji, hakutaka mtu amsaidie. Rosalia akatazama juu ya kabati. Hapakuwa na kitu.

"Nimemlaza sandukuni," baba yake alisema kabla hajaulizwa. "Nimechoka kutazamwa."

Ilikuwa sababu nzuri. Nani asingechoka? Rosalia alipika wali na samaki, wakala na mlango wazi, na hakulifungua sanduku. Hakulifungua kesho yake wala mwezi uliofuata. Nina hakika alijua kwamba mtu mwenye amani angelifungua.

Maboksi yalifika kwa wenyewe miezi mitatu baadaye. Allen akamtumia Rosalia ukurasa ambamo wachangiaji wanaweka picha, naye Jumapili baada ya misa akaenda kukaa karibu na baba yake mlangoni. Mzee alikuwa hajagusa patasi tangu siku ya lori. Bega lilikuwa na nafuu. Magogo aliletewa, akayageuza geuza, akayaweka chini.

"Wameshawapata, baba. Ona."

Picha ya kwanza ilikuwa ya boksi kwenye rafu, katikati ya maboksi mengine ya magemu mengine, yote yakimetameta. Ya pili, boksi kwenye rafu. Ya tatu, mtu amelikumbatia boksi, anacheka. Ya nne, rafu. Mzee aliomba simu, akaishika mwenyewe, akawa anazisogeza kwa kidole gumba kama alivyomwona binti yake akifanya.

"Wao wako wapi?"

"Wamo ndani."

"Mbona nailoni haijatolewa?"

Rosalia hakujua. Akampigia Allen, akaweka spika, na Allen akaeleza, kwanza kwa furaha kisha kwa aibu, maana aliyemsikiliza alikuwa mzee. Wakusanyaji wengi hawafungui. Boksi likifunguliwa limeshakuwa la zamani, thamani inashuka. Lililofungwa ndilo zima. Wapo wanaochukua mawili, moja la kufungua na moja la kuweka, lakini haya yalikuwa machache, kila mtu alipewa moja. Kwa hiyo wameweka.

"Hawajawashika?" mzee aliuliza.

"Wengi bado, mzee wangu. Labda ishirini hivi ndo wamefungua."

Mzee Benedikto hakuwahi kuuza kinyago kilichofungwa. Hata mteja awe na haraka, hata awe na gari linalongoja, alimwambia kwanza mshike, mgeuze, uone kama mnapatana, ndiyo nimfunge. Aliamini kinyago kisichopita mkononi mwa mtu hakijaisha kuchongwa. Sasa alimrudishia Rosalia simu.

"Ile ya namba mia tatu," alisema. "Imekwenda kwa nani?"

"Sijui, baba. Kwa nini?"

"Mama yako yumo humo."

Rosalia aliinuka, akaingia ndani, akalifungua sanduku. Kulikuwa na khanga, suti ya harusi, vyeti vya ubatizo na mkebe wa picha. Akavitoa vyote. Akavitoa tena kana kwamba havikuwa vimetoka. Akatoka nje, akakaa kizingitini.

"Ilibaki moja," baba yake alisema, taratibu, kama anayemwambia mtoto jinsi ya kuvuka barabara. "Gogo limepasuka, lori linakuja, na neno ulishalitoa. Nikamlaza kwenye lile tundu. Alikaa vizuri kuliko wote. Nikasema, si vibaya, mama yako alikuwa anapendaga wageni. Atafunguliwa, watu watamshika, watamweka mahali. Mie ningeteseka, lakini yeye atakuwa na watu." Akajikanda bega. "Sikujua kama wanawafungia."

"Ungeniambia, baba. Ungeniambia tu!"

"Ungefanyaje? Wewe ulisema ndiyo. Mie nikaitimiza."

Rosalia akalia kwa sauti, mtu mzima, jirani wakachungulia. Baba yake hakumnyamazisha. Alimwekea mkono kichwani, ule wa bega bovu, akauacha hapo.

Namba haipotei, hilo ndilo jema la namba. Jioni ile ile Allen alimpata mwenye mia tatu: bwana mmoja wa nchi ya baridi, mkusanyaji wa siku nyingi, mtu wa adabu. Allen akamwandikia kwamba kumetokea kosa dogo, tunaomba boksi lako, tutakupa jingine na gharama zote ni zetu. Bwana akajibu kwamba anasikitika, lakini aliomba mia tatu kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo namba ya mwisho, na hana shida na kosa dogo.

"Basi tumwambie ukweli," Rosalia alisema. "Mtu mwenye moyo akijua hawezi kukataa."

Wakaandika pamoja, kaunta ya Mikocheni, wakati wa chakula cha mchana. Wakasema kilichomo si sawa na vile vingine. Ni cha kwanza, ambacho vyote vimefuata. Kimechongwa siku moja na mgane kwa ajili ya mke wake, hakuna kingine, na hakitakuwepo kingine. Tunaomba akirudishe, au kama haiwezekani, basi alifungue boksi tu, amshike mara moja, amsimamishe dirishani na kutupigia picha. Rosalia alilisoma lile ombi mara tatu, akaona haliwezi kukataliwa. Hawakujua wanamwandikia mtu wa namna gani. Walidhani wanamwomba huruma, kumbe wanamtajia thamani.

Jibu lilikuja siku ya pili, refu, na hakuna mahali ambapo lilikuwa la ubaya. Rosalia alilibeba mpaka nyumbani, akamtafsiria baba yake neno kwa neno, na safari hii hakuongeza wala hakupunguza. Bwana alishukuru sana kwa kuambiwa. Aliguswa, alisema, mpaka machozi. Hakuwahi kudhani katika maisha yake atamiliki kitu kama hicho. Tangu amepata habari amelitoa boksi kwenye rafu na kuliweka kwenye kabati la kioo lenye kufuli, mbali na mwanga na unyevu. Amelikatia bima. Ameandika katika wosia wake kwamba hata akifa yeye, wanawe wasilifungue. "Mwambieni mzee awe na amani," Rosalia alisoma. "Namuahidi kwamba mke wake hataguswa na mtu. Halitafunguliwa kamwe."

"Soma tena hapo mwisho."

Akasoma tena.

Ndege ilipita juu, wakangoja ipite. "Mwambie ahsante," mzee alisema. Kisha, Rosalia alipokuwa ameshaanza kuandika: "Halafu mwambie mama yako alikuwa hapendi kulala mlango umefungwa."

Rosalia hakuwa amelisikia hilo kabla. Akaligeuza Kiingereza vile vile lilivyo, bila kulipamba, akalituma.

Kesho yake mchana Allen alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Dada, yule bwana kajibu. Anasema ile sentensi ya mzee ni nzuri mno, hajawahi kusoma kitu kama kile. Anaomba ruhusa aichapishe kwenye kadi, aibandike kwenye kabati lake, juu ya boksi. Nimjibuje? Niseme sawa?"

Mbele ya kaunta kulikuwa na mteja wa kadi za kipaimara anangoja. Neno lilishafika mdomoni mwa Rosalia, jepesi, kama siku ile ya kwanza.

"Usijibu kitu," alisema. "Sio langu hilo."

Akaaga, akavua kitambulisho, akarudi Kiwalani saa nane mchana. Mzee Benedikto alikuwa ndani, amesimama mbele ya kabati la vyombo akilifuta vumbi. Rosalia akamwamkia, akakaa, akamweleza bwana anaomba nini, kisha akamwacha afikiri. Mzee alimaliza kwanza kulifuta kabati.

"Hiyo kadi," aliuliza, "anaiweka ndani ya boksi au nje?"

"Nje, baba."

"Basi mwambie sawa. Mama yako humo ndani hataiona."